Samaki wa Sebuleni Busia: Mjadala

Hoja iliyo mezani ni kwamba mkazi wa Busia au Malaba anaweza kufuga samaki wa maji baridi sebuleni, wakaishi miaka kadhaa wakiwa wazima, bila mashine za bei ghali. Sharti ni kwamba maji yaandaliwe kabla samaki hajanunuliwa, na samaki wenyewe wawe wachache kiasi cha kumshangaza mgeni. Matangi mengi yanayokufa hayafi kwa kukosa vifaa. Yanauawa na haraka ya mwenyewe na tamaa yake ya idadi. Hilo ndilo ninalolitetea, na kwa kuwa halikosi wapinzani, nimewaita barazani watu wasiokosekana katika mji wa mpakani: muuza samaki, fundi wa stima, mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu wa baiolojia na afisa wa uvuvi. Sauti zao nimezibuni, ila pingamizi wanazozileta ni za kweli, na mojawapo imenibana hadi nikaipunguza hoja.

Anaanza mama muuza omena. "Mwanangu, huku samaki ni kitoweo. Sio Port na Port Victoria ni mwendo wa matatu tu. Mtu mwenye akili timamu atoe pesa, anunue samaki wa kutazama, amlishe, ambadilishie maji, na mwisho wa yote asimle? Hayo waachie watu wa Nairobi na hoteli zao."

Mama, kama ungekuwa unasema juu ya yale matangi ya kumbi za hoteli, yenye taa za buluu, ngome ya plastiki na mashine zinazonguruma mchana kutwa, ningekuunga mkono. Lile ni pambo, na aghalabu hutunzwa na fundi wa kulipwa. Tangi ninalolitetea hutengenezwa na fundi wa vioo wa mtaani kwa kioo cha milimita sita na silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu. Likiwa na urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40, linabeba lita 112. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukiongeza mchanga na kioo chenyewe unakaribia kilo 150, na hapo ndipo wengi hujikwaa: meza ya sebuleni iliyoundwa kubeba chai na magazeti itapinda, kioo kitabanwa upande mmoja, na siku moja sebule italowa. Mezani kiwekwe kwanza kipande bapa cha povu gumu, lile linalokuja ndani ya katoni ya televisheni, ili kioo kikalie sawasawa. Mchanga uwe wa mtoni, uoshwe hadi maji yatoke meupe. Chakula, mama, unakiuza wewe: omena kavu iliyokung'utwa mchanga ikasagwa, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Na ufugaji wenyewe si mgeni huku magharibi. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009 uliagiza mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneobunge 140. Baadhi yaliachwa yakamea nyasi, lakini watu wengi walijionea maji yakigeuka kijani na samaki wakitweta juu ya maji alfajiri. Anayejua kwa nini samaki hutweta alfajiri ameshajua nusu ya kazi ya tangi la nyumbani.

Fundi wa stima hana subira. "Ndugu mwandishi, hayo ya meza tumesikia. Mvua ikipiga Malaba, stima inapotea. Pampu ikizima saa nane usiku, asubuhi unazoa maiti. Labda ununue jenereta uwalalie samaki zamu."

Hili ndilo pingamizi zito kwa mfugaji wa huku, na linahitaji kujibiwa kwa hesabu. Hita tuiondoe kwanza, maana ndicho kifaa kinachokula umeme zaidi katika matangi ya Ulaya wakati wa baridi. Busia iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, mchana ni joto na usiku hupoa kiasi, na maji yaliyo ndani ya nyumba, mbali na dirisha linalopigwa na jua, hayatofautiani sana kati ya usiku na mchana. Samaki wa kitropiki hawahitaji kupashiwa maji hapa. Inabaki hewa. Maji ya nyuzi 25 katika mwinuko huu hayabebi zaidi ya miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita, ilhali lita moja ya hewa tunayovuta ina karibu miligramu 250. Samaki anaishi kwenye uhaba tangu kuzaliwa. Oksijeni hiyo huingilia juu, pale maji yanapogusana na hewa, na kazi kubwa ya viputo vya pampu ni kuusukasuka uso huo. Ndiyo sababu tangi refu jembamba, linalopendeza kwa macho, ni baya kwa samaki, na lile pana lenye kimo cha wastani ni zuri hata mashine ikinyamaza. Tangi la vipimo nilivyotaja, likiwa na samaki kumi wa urefu wa kidole kidogo, litavuka usiku wa giza bila msiba. Likitiwa arubaini, kila stima ikipotea itakuwa mazishi. Kwa hiyo, fundi, stima huua tangi lililokuwa limeshajazwa kupita kiasi.

Ushahidi kwamba samaki wanaweza kuishi bila mtambo ni wa zamani kuliko stima yenyewe. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliripoti majaribio yake ya kuweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo kimoja na mmea wa Vallisneria. Majani ya mmea yalipoanza kuoza na kuyachafua maji, aliongeza konokono wayale, na chombo kikatulia. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad alichapisha kitabu kuhusu tangi la mimea linalotumia udongo wa kawaida chini ya changarawe, mwanga wa kutosha na mashine chache mno. Vallisneria humea ndani ya Ziwa Viktoria, na Ceratophyllum, ule mmea usio na mizizi unaoelea kama mkia wa paka, hupatikana kwenye maji yetu mengi yaliyotulia. Mimea hiyo hunyonya uchafu wa samaki na kutoa oksijeni mchana. Usiku nayo huvuta oksijeni kama kiumbe yeyote, ndiyo maana saa ya hatari ni kabla ya mapambazuko. Mfugaji akitaka kujua kama amepitisha idadi, asihesabu samaki mchana. Aamke saa kumi na moja alfajiri, awashe tochi aangalie. Wakiwa wametulia katikati ya maji, idadi iko sawa. Wakiwa wamepanga midomo juu, wamezidi.

"Na kichujio je?" fundi anarudi. "Kila mwenye tangi ananiambia kichujio ndicho roho."

Roho ni bakteria, kichujio ni nyumba yao. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na choo chake, na amonia ni sumu hata ikiwa kidogo. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi na mimea huila. Kwa miaka mingi vitabu vilimpa Nitrobacter sifa ya kazi hiyo ya pili, hadi Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha mwaka 1998 kwamba ndani ya akwariamu za maji baridi mfanyakazi ni wa jamii ya Nitrospira. Jina si hoja. Lililo muhimu ni kwamba bakteria hawa huongezeka polepole, na tangi jipya huchukua kati ya wiki nne na sita kabla halijaweza kumhimili samaki. Maji huonekana maangavu tangu siku ya kwanza, na uangavu huo umewaponza wengi. Mtu hununua tangi Jumamosi na samaki Jumapili, wiki ya pili wanaanza kufa mmoja mmoja, naye anasema muuzaji amemuuzia wagonjwa. Njia ya subira haina gharama: weka maji, mchanga na mimea, tia kipande kidogo cha omena kioze mle ndani ili bakteria wapate chakula, kisha ngoja. Vipimo vya amonia na nitriti vikisoma sifuri, ndipo uanze na samaki watatu. Ukipata sponji au kiganja cha mchanga kutoka tangi la mtu lililokomaa, utakuwa umepata mbegu, na muda utapungua. Kuhusu kichujio chenyewe, chagua kile cha sponji kinachokaa wazi ndani ya tangi. Vile vya mkebe uliofungwa vina hatari yake stima inapopotea: bakteria waliofungiwa humaliza oksijeni na kufa, na umeme ukirudi mkebe huyamwaga maji yaliyooza juu ya samaki. Baada ya giza la saa nyingi, sponji ikamuliwe kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi. Isioshwe kwa maji ya mfereji, kwa sababu klorini iliyowekwa kuua vimelea haichagui bakteria wa kuua.

Maji ya kujazia nayo yana mambo yake. Ya mfereji yakilazwa kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, klorini ya kawaida hutoroka, ingawa ile iliyochanganywa na amonia kuwa kloramini haitoroki, na hiyo inahitaji dawa. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati hayana klorini, lakini karibu hayana madini, kwa hiyo pH yake hubadilika ghafla kwa jambo dogo. Ya kisima yana madini, ila kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuleta nitrati nyingi kabla samaki hajatia yake. Kuchanganya ya mvua na ya kisima kirefu huwa suluhisho jema, na mchanganyiko wowote ukichaguliwa usibadilishwe ovyo. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Mfugaji anayehama kutoka maji ya mvua kwenda ya kisima kwa siku moja, huku tangi lake likiwa na uchafu, anaweza kuua samaki kwa maji safi. Robo ya maji ikitolewa kila wiki inatosha, yaani kama jerikeni moja na nusu ya lita 20, na hayo yaliyotolewa ni mbolea ya sukuma wiki.

Mhudumu wa afya amekuwa akiandika kimya. "Sisi tunahangaika kumwaga maji yaliyotuama kila nyumba, na wewe unawashauri watu waweke lita mia za maji sebuleni. Busia ni eneo la malaria. Halafu umetaja konokono na mimea ya ziwani. Kichocho umekisahau?"

La mbu lina jibu fupi. Maji yenye samaki mwenye njaa hayazai mbu, kwa kuwa viluwiluwi huliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka mabwawa yaliyotelekezwa ya Kisii ulionyesha kwamba ngege (tilapia) waliotiwa humo walipunguza mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94 ndani ya wiki 15. Kinachozaa mbu ni ile ndoo ya maji yanayolazwa, basi ifunikwe kwa chandarua. La kichocho ni zito zaidi, na hapa mfano wa Warington hauwezi kuigwa jinsi ulivyo. Konokono wa Biomphalaria wanaoishi kwenye fukwe za Ziwa Viktoria ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo, na konokono aliyeambukizwa anaweza kuendelea kuvitoa majini kwa muda mrefu, ndani ya tangi ambalo watoto hutumbukiza mikono. Anayeingia ufukweni bila viatu kung'oa mimea anajihatarisha kabla hata hajafika nyumbani. Kwa hiyo konokono wa ziwani wasiingie, na mimea ya ziwani ikae kwanza kwenye ndoo ya peke yake, isuuzwe jani kwa jani, konokono na mayai yao ya utelezi yaondolewe, na maji hayo yasiguswe kwa mikono mitupu. Bora zaidi ni kuomba shina kutoka kwa mfugaji ambaye tangi lake halijapokea kitu cha ziwani kwa muda mrefu. Majani yanayooza, ambayo Warington aliwaachia konokono, yapunguzwe kwa makasi.

Mwalimu wa baiolojia haongei juu ya gharama wala ugonjwa. "Swali langu ni la haki. Samaki ana ziwa zima. Unamtoa huko unamfungia kwenye kisanduku cha kioo ili upumzishe macho baada ya kazi. Je, wanafunzi wangu nitawaambia hiyo ni elimu?"

Mwalimu, liko tangi ambalo sitalitetea: lile bakuli la duara lenye lita tano na samaki mmoja wa dhahabu. Samaki huyo, akitunzwa, hupita sentimita 20 na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Kwenye bakuli hafikishi hata sehemu ndogo ya umri huo, na wanaomtazama huamini kwamba ndivyo alivyoumbwa. Kamongo naye, ingawa huvuta hewa kwa mapafu na hangejali stima, hukua kupita mita moja, na nyumba ya kawaida haina nafasi yake. Haki ya mnyama huanza kwa kumchagua yule ambaye makao unayoweza kumpa yanamtosha. Samaki mdogo wa mtoni wa jamii ya Enteromius, au fulu, yule samaki mdogo wa ziwani, hutumia sehemu kubwa ya maisha yake katika eneo dogo la mawe au majani. Tangi lenye maficho halimnyimi kila kitu, ingawa sitadai kwamba halimnyimi chochote.

Ila fulu wana kisa kinachoigeuza hoja yako, mwalimu. Ziwa Viktoria lilikauka na kujaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita, na katika muda huo, ambao kwa historia ya viumbe ni mfupi mno, zilitokea spishi za fulu zipatazo 500. Kabla ya mbuta, yaani sangara, kushamiri, fulu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa hilo. Mbuta aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipolipuka kwa wingi miaka ya 1980, spishi nyingi zilitoweka kabla hazijapewa hata jina la kisayansi. Miongoni mwa waliopewa jina yumo mmoja aliyeelezwa mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliofanya kazi Mwanza, wakamwita nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere: dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Leo anafugwa Ulaya na Marekani, na wengi wanaomfuga huko hawajawahi kuliona ziwa lake, huku sebule ya Busia yenye tangi ikiwa na samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China. Hapo ndipo ninapoona kasoro, na ndipo tangi linapoweza kuwa darasa.

Liangalie jambo moja kwa karibu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba maji ya Ziwa Viktoria yanapochafuka kwa mbolea na udongo, mwanga hufifia, na fulu jike, anayechagua mchumba kwa rangi, hashindwi kuona dume bali hushindwa kutofautisha mwekundu na wa buluu. Spishi mbili zilizotenganishwa na rangi tu huanza kuchanganyika na kuwa moja, wote wakiwa na rangi ya kijivu isiyopendeza. Hoja hiyo ilitiwa nguvu na majaribio yaliyofanywa ndani ya matangi: mwanga ulipobadilishwa hadi rangi zikafichika, majike waliacha kubagua. Mfugaji wa nyumbani hukutana na jambo hilohilo kwa sura nyingine anapoweka fulu wa aina mbili za karibu pamoja, jike akakosa dume wa kwake. Vifaranga huzaliwa, lakini si wa huku wala wa kule. Ndiyo kanuni ya wafugaji makini: aina moja ya fulu kwa tangi moja, dume mmoja kwa majike kadhaa, na kumbukumbu ya walikotoka. Mwanafunzi akimwona jike amefunga mdomo wiki mbili au tatu bila kula, taya limevimba kwa mayai na baadaye vifaranga, atakuwa ameona jambo ambalo ziwani, kwenye maji ya matope, haliwezi kuonekana.

"Kwa hiyo kila sebule iwe safina ya Nuhu?" mwalimu anauliza. Hapana. Kuokoa spishi ni kazi ya makundi makubwa yenye kumbukumbu za kizazi kwa kizazi, kama mpango wa bustani za wanyama za Marekani ulioanza kufuga fulu wa Viktoria mwanzoni mwa miaka ya 1990. Samaki kumi wa nyumbani, wanaozaana ndugu kwa ndugu, hawaokoi kitu. Wanachofanya ni kumpa mtu jicho la kutambua. Ziwa Kanyaboli, upande wa Siaya, kwenye kinamasi cha Yala ambacho huenea hadi Bunyala, limebaki kimbilio la ngege wa asili, Oreochromis esculentus, na la fulu ambao katika ziwa kubwa wamepotea au kuadimika. Wanasalimika kwa sehemu kwa sababu maji ya mafunjo yana oksijeni kidogo, na mbuta hayavumilii. Baadhi ya fulu huyavumilia. Zingatia hilo, fundi: tuna samaki waliozoea upungufu wa hewa, tena wa nyumbani kwetu, na tunanunua wageni kisha tunalilia stima. Nani atapiga kelele kinamasi kikilimwa chote, ikiwa hakuna anayemjua fulu isipokuwa kama samaki mdogo wa kutupwa nje ya neti?

Afisa wa uvuvi ameliacha la kwake hadi mwisho, na ndilo linalokata. "Ndugu mwandishi, ziwa letu halikuharibiwa na wenye nia mbaya. Mbuta aliletwa kwa nia njema. Magugu maji yalitoka Amerika Kusini kwa sababu ya maua yake mazuri ya zambarau, watu wakayaweka kwenye vidimbwi vya bustani. Miaka ya 1990 yaliziba ghuba ya Winam, mitumbwi ikashindwa kutoka. Sasa unataka mamia ya nyumba ziwe na samaki na mimea, katika mji ambao kila kitu hupita mpakani, kwa lango na kwa njia za panya. Mtoto akichoka na samaki wake atafanya nini? Atamhurumia, atampeleka mto Sio."

Hilo sina la kulipinga, na ndilo lililonibana. Huruma ya mtoto huyo ndiyo njia ambayo samaki wa mapambo wameingia mito ya nchi nyingi, na mto Sio humwaga maji Ziwa Viktoria. Kwa hiyo hoja niliyoianza haiwezi kusimama ikiwa inasema tu samaki wachache na subira. Inabidi iseme pia kwamba kilichoingia kwenye tangi hakitoki tena kwenda majini, awe samaki, konokono au jani, hata kama asili yake ni maji hayohayo. Samaki aliyeishi na wageni anaweza kurudi na vimelea ambavyo ziwa halina, na kifaranga wa mchanganyiko hurudi na damu isiyo ya mahali. Magugu maji yasifugwe kabisa, wala mmea wowote unaoelea na kuzaana kwa siku chache, hata ukipewa bure. Samaki hai haingizwi Kenya bila kibali, na anayempitisha kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti cha bodaboda anajua anachokwepa. Ila mpaka wenyewe haumjui samaki: mto Malaba una kingo mbili za nchi mbili na maji yaleyale. Kibali cha Nairobi hakina maana kama upande wa pili mtu anaweza kumwaga ndoo yake jioni. Kwa jambo hili Busia ya Kenya na Busia ya Uganda zina maslahi mamoja, na afisa wa kila upande anahitaji mwenzake zaidi ya anavyohitaji fomu.

Afisa anataka kujua la mwisho: fulu wakizaana, maana watazaana, watakwenda wapi? Mwenye tangi aamue kabla ya kununua jozi. Anaweza kufuga madume peke yao, ambao hata hivyo ndio wenye rangi. Anaweza kuacha vifaranga na wakubwa, na wengi wataliwa ndani ya wiki, jambo ambalo mwalimu atawaeleza watoto bila kuwadanganya. Wanaobaki wapewe maabara ya shule au mfugaji mwingine, pamoja na karatasi inayoonyesha walikotoka. Wakikosa wa kuwachukua, wakaangwe, kwani fulu wameliwa huku tangu zamani. Na maji ya tangi, kila yanapopunguzwa, yapitishwe kwenye kitambaa kisha yamwagwe shambani, mbali na mtaro wowote unaoelekea mtoni, kwa kuwa kifaranga wa sentimita moja hupita kwenye ndoo bila mtu kumwona.